Karatasi Aliyoibandua Shemeji

Sehemu ya saba

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike, nitakuweka sawa kwa maneno machache. Mimi ni fundi umeme wa malori, wananiita Waya. Miezi mitatu iliyopita nilifukuzwa kazi kwenye yadi ya malori, na aliyenifukuza ni fundi mkuu, mume wa dada yangu. Shemeji yangu. Alilitupa sanduku langu la spana nje ya geti, madereva wote wakitazama, akasema mikono yangu inaua sensa.

Halafu wiki tatu zilizopita kaka yetu mkubwa, dereva wa yadi hiyohiyo, akaligonga ghala la saruji na lori Namba Kumi na Nne. Injini ilimzimikia mteremkoni. Mguu ukavunjika mahali pawili. Shemeji akaandika ripoti kwamba dereva alizima injini mwenyewe, makusudi, ili abane dizeli akaiuze njiani.

Jumamosi saa nne asubuhi Mama Bosi, mwenye malori, angekaa yadini kuamua. Kaka akionekana na hatia, leseni inakwenda, kazi inakwenda, na kinachofuata ni polisi.

Tuliachana Ijumaa mchana, dada yangu akinigongea mlango.

Nikafungua. Alikuwa amevaa kandambili mbili zisizofanana, ya bluu na ya kijani. Dada yangu mimi, mwanamke anayepiga pasi hadi vitambaa vya meza.

"Mdogo wangu, kesho usiende."

"Nisiende? Kaka anakwenda kuchinjwa, mimi nikae hapa nikune tumbo?"

"Kaka tutamtetea kwa njia nyingine. Wewe ukienda, huendi kwa ajili ya kaka. Unaenda kwa ajili ya mume wangu."

Dada ananijua. Amenibeba mgongoni huyu.

"Alinivua nguo mbele za watu, dada."

"Alikosea. Nilimwambia. Nilimnunia wiki nzima, chakula nikawa namwekea mezani bila salamu. Lakini yule ni baba wa wanangu. Akifukuzwa tunatolewa kwenye nyumba ya kampuni. Twende wapi na watoto watatu? Hapa?"

Akazungusha macho chumbani kwangu. Kitanda kimoja, ndoo moja, na juu ya meza stata ya lori imefunguliwa tumbo.

"Kaka naye ana watoto," nikamwambia.

Akanitazama kwa lile jicho lake la kutafuta chawa.

"Una nini mkononi, wewe? Tangu juzi unatembea na uso wa mtu aliyekwisha kushinda."

"Utaona kesho."

"Basi na mimi nitakuja nione," akasema, akaondoka na kandambili zake, hakuniaga.

Mkononi nilikuwa na nini? Nilikuwa na karatasi.

Subirini niwaeleze, maana hapa ndipo mambo yote yanaposimama. Nyuma ya injini ya lori kuna gurudumu zito lenye meno, tunaliita flaiwili. Pembeni yake kinachomekwa kidude kidogo, kama kidole gumba, chenye sumaku nchani. Hiyo ndiyo sensa ya kranki. Kazi yake ni kuyahesabu yale meno yakipita na kuiambia kompyuta ya lori injini imefika wapi katika mzunguko wake. Ikinyamaza, kompyuta haijui imwage dizeli saa ngapi. Inakata. Lori la tani thelathini linakufa katikati ya barabara kwa sababu ya kidude unachoweza kukisahau mfukoni ukafua nacho suruali.

Sasa, sensa za malori yetu zikitoka kiwandani huja na kijikaratasi kigumu kimebandikwa nchani. Unaisukuma sensa hadi karatasi iguse jino, unakaza boliti, basi. Karatasi ndiyo kipimo cha nafasi. Baadaye inasagika yenyewe, nafasi inabaki.

Shemeji aliibandua.

Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akikaa stoo na kikombe cha chai, anafungua maboksi ya vipuri vipya, anavivua plastiki, karatasi na kila kitu, anavipanga kwenye sinia la bati. Alisema hataki takataka za viwandani ziingie kwenye shimo lake la kufanyia kazi. Shimo lake! Utadhani sebule. Na kile kijikaratasi alikiona ni takataka, akakibandua kwa ukucha, kimoja baada ya kingine, miaka miwili.

Sisi mafundi tulikuwa tunachukua sensa kutoka kwenye sinia, tupu, tunaisukuma hadi ikome. Injini ikiwa baridi, safi. Ikipata moto, chuma kinatanuka, lori linatikisika kwenye mashimo, jino linaanza kuilamba ncha kidogo kidogo hadi linaitafuna. Lori linazimika. Likipoa linawaka tena. Kila mtu anakuna kichwa, na anayelaumiwa ni aliyeikaza mwisho. Yaani mimi.

Miezi mitatu niliibeba aibu ambayo aliipika yeye na kikombe chake cha chai.

Na sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna jambo sikuwaambia wiki zote hizi. Nililipita pembeni. Hata mke wangu, kama ningekuwa naye, nisingemwambia.

Mnadhani siri ya karatasi niliijua baada ya kaka kuvunjika. Hapana. Niliijua wiki mbili kabla.

Niliijua nikiwa kwenye kagereji kangu kapya kando ya barabara, nilipofungua boksi la sensa kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza. Nikakimbia nalo hadi kwa Mzee Vipuri, aliyeniuzia, nikamuuliza hii karatasi ni ya nini. Akanieleza yote. Akaniambia, "Ukiibandua umeiua." Nikalikumbuka sinia la bati. Nikacheka peke yangu barabarani hadi watu wakanipisha.

Ningeweza kwenda yadini siku ileile. Ni mwendo wa dakika ishirini. Ningeweza kumwambia kaka jioni kwenye simu. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwenye kibanda cha chai mkabala na geti la yadi, nikaagiza chai, nikakaa kuhesabu.

Namba Tatu ilirudi imevutwa kwa mnyororo. Nikatabasamu. Namba Tisa ikavutwa. Nikaongeza sukari. Kila lori lililovutwa lilikuwa msumari kwa Shemeji, nami nilitaka yafike kumi, Mama Bosi apandwe na hasira, ndipo niingie na karatasi yangu na kumzika mzimamzima.

Siku Namba Saba ilipovutwa nilipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

Namba Saba lilikuwa lori la kaka. Kwa kuwa limelala, kesho yake asubuhi akapewa Kumi na Nne.

Hayo ndiyo niliyolala nayo usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilijiambia kaka akisafishwa, deni langu kwake limekwisha, na hakuna atakayejua. Asubuhi nikaoga, nikavaa shati la kola, nikampitia Mzee Vipuri dukani kwake nimwombe awe shahidi. Akakubali haraka, mtu wa watu yule.

Tulipofika yadini kikao kilikuwa kimeanza. Mama Bosi amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la kuoshea magari, miwani imeshuka puani. Madereva wamesimama nusu duara. Kaka amekalia tairi, mguu wenye plasta ameunyoosha mbele, magongo mawili mapajani. Na Shemeji katikati, ovaroli imepigwa pasi, anahutubia. Si bure madereva wanamwita Profesa.

"Mama, sensa ya kranki haifi hivihivi. Hufa kwa joto. Hufa kwa mafuta yanayovuja yakalowesha plagi yake. Waya unaweza kusuguliwa na chuma hadi uchubuke. Unga wa chuma unaweza kuganda kwenye sumaku. Yote nimeyakagua Kumi na Nne kwa mikono yangu. Hakuna hata moja. Sensa ni nzima. Injini nzima kwenye mteremko inazimwa na mkono wa dereva."

"Sikuzima," kaka akasema. "Usukani uligeuka mzito, breki ya injini ikapotea, lori likanipeleka. Ningezima mteremkoni nina wazimu?"

"Wenye kiu ya dizeli huzima."

Hapo ndipo nilipoingia. Mlinzi alinyoosha mkono kunizuia, Mama Bosi akainua kidole.

"Mwache. Huyu si yule fundi aliyekuwa anaua sensa?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba niitoe sensa ya Kumi na Nne mbele ya watu wote. Nikikosea, mnifunge pamoja na kaka yangu."

Shemeji hakubisha. Lilipaswa kunishtua hilo, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa ushindi. Nikaingia chini ya lori lililopinda pua, spana namba kumi, boliti moja tu, nikavuta.

Ikatoka. Ncha nyororo. Nzima kama ilivyotoka kiwandani.

Nikatoka chini ya lori nimeishika. Shemeji alikuwa ananitazama na kile kitabasamu chake cha upande mmoja.

"Shemeji," akaniambia kwa upole, wote wasikie, "hasira si ufundi."

Madereva wakaguna. Kaka akainamisha kichwa. Nami nikaigeuza ile sensa mkononi kwa kukosa la kufanya, na nilipoigeuza vidole vyangu havikuchafuka.

"Mama," nikasema polepole, "lori hili limelala hapa wiki tatu. Vumbi limejaa hadi kwenye vioo vilivyobaki. Chini kote ni matope na grisi. Mbona hii sensa inang'aa kama kijiko cha wageni?"

Mama Bosi akaishika, akainusa, akaipitishia kidole. Akageuka.

"Mama Stoo!"

Mama Stoo ni mwanamke mfupi mwenye funguo kumi na saba kiunoni, na stoo yake ina sheria moja: hupewi kizima hujarudisha kibovu. Na kibovu hakipokei kwa kuambiwa. Anatoka mwenyewe, anafuata nyuma hadi kwenye lori, anasimama akiona kinatolewa, ndipo anaandika. Wamemtukana sana kwa hilo.

Alirudi na kopo la maziwa lililokatwa mdomo. Ndani sensa moja imefungwa kikaratasi kwa uzi.

"Namba Kumi na Nne," akasoma. "Juzi Alhamisi, saa sita. Aliyetoa, fundi mkuu. Nilimuuliza kwa nini anabadilisha sensa ya lori lililokufa, akaniambia nitunze funguo zangu."

Ncha ya ile sensa ilikuwa imetafunwa hadi shaba ya ndani inaonekana.

Jamani. Nimeonja vitu vitamu maishani, lakini sijawahi kuonja kitu kitamu kama uso wa Shemeji wakati ule. Macho yalimtoka pima. Nami sikumpa nafasi ya kupumua. Nikamwomba Mzee Vipuri alifungue boksi jipya mbele ya Mama Bosi, akaitoa sensa na kijikaratasi chake nchani, akaeleza kazi yake. Nikamwomba Mama Stoo alete lile sinia la bati. Sensa nane, zote uchi.

"Nani huzibandua karatasi?" Mama Bosi akauliza.

"Fundi mkuu. Kila Jumatatu."

"Ni kweli?"

Shemeji akalitazama sinia. "Nilidhani ni karatasi ya kufungia."

"Rudia, Profesa," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

"Nilidhani ni ya kufungia."

"Nini ya kufungia?"

"Karatasi."

"Na mimi ulinifukuza kwa ajili ya nini? Waambie. Mikono yangu ina nini?"

Madereva waliangua kicheko, wengine wakashikana mabega. Shemeji alisimama, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Getini nikamwona dada. Amekuja kama alivyosema, mtoto wa mwisho mgongoni. Alikuwa anatikisa kichwa kuniomba niache, inatosha.

Sikuacha. Nililiokota lile sinia, nikamkabidhi mikononi, nikasema, "Shika, shemeji, takataka za viwandani hizo." Wakacheka tena. Na niseme kweli, nilitaka acheke hata mtoto aliyekuwa mgongoni kwa dada.

Mama Bosi akapiga kofi moja, kukawa kimya.

"Dereva, tumekukosea. Ripoti hiyo naichana leo, na mguu huo utatibiwa hadi upone. Fundi mkuu, weka funguo hapa chini. Ya kwako tutayaongea ofisini." Akanigeukia. "Na wewe, Jumatatu uwe hapa. Mafundi watakuwa chini yako."

Kaka alinitazama, macho yamejaa maji. Alinyoosha mkono, nikaushika, akanivuta hadi kichwa changu kikagusa bega lake, mkono wake ukabaki begani kwangu. "Umeniokoa, mdogo wangu," akanong'ona. Nilitaka kulia. Nilitaka pia aniachie haraka.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mzee Vipuri alikuwa na furaha, na mtu wa watu akiwa na furaha hanyamazi.

"Mama, umepata fundi! Wengine wanakuja dukani wanabeba boksi wanakimbia. Huyu alisimama, akaniuliza hadi nikachoka. Tena ilikuwa siku ileile nahamia duka la kona, hata kaunta alinisaidia kubeba."

"Duka la kona?" kaka akauliza, mkono wake bado uko begani kwangu. "Hongera, mzee. Ulihamia lini?"

"Ah, wiki ya tano hii, tunashukuru."

Mkono wa kaka haukutoka begani mara moja. Kwanza ulikuwa mzito. Kisha ukatoka.

"Mimi nina wiki tatu na plasta hii," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mtoto wa dada akikohoa getini.

"Mdogo wangu. Ulijua?"

Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Ningeweza kusema mzee amechanganya siku. Lakini mdomo wangu ulikimbilia utetezi kabla sijaukamata.

"Sikujua watakupa Kumi na Nne, kaka."

Nikasikia nilichosema. Wote wakasikia.

"Mimi nilizimikiwa juu ya reli," dereva mmoja akasema nyuma, taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Wiki ileile. Namba Tisa."

"Na mimi darajani," mwingine akasema.

Mama Bosi akainuka kwenye kiti. Akavua miwani. "Mlinzi," akaita, "funga geti. Huyu asitoke."

Nikasikia mnyororo unavutwa. Nilimtafuta dada kwa macho, nikamkuta amekwisha kunigeuzia mgongo, mtoto ndiye ananitazama.

Kaka aliyachukua magongo yake, akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Nikamkimbilia. Akanisukuma kwa ncha ya gongo, kifuani, bila hasira, kama mtu anavyosogeza kiti kilichomzuia njia.

Kisha akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa bado amebeba sinia la bati.

"Shemeji," akamwambia, "nisaidie nisimame."

Shemeji akaliweka sinia chini, akamshika kwapani, akamwinua. Wakaanza kuja upande wangu, wawili, hatua moja moja.